Nyongeza ya Njeri

Mliponijia juma lililopita, ninyi vijana wa chuo kikuu, mabegi mgongoni na simu mkononi, mliniuliza swali moja tu: mtu anayekwenda kufundisha wafanyabiashara wadogo huko mashambani abebe nini? Nadhani mlitaka niseme chati, au vitabu, au ile mashine yenu ya kumulika picha ukutani. Mimi nikawaambia, "Bebeni kiu." Mkacheka. Msichana wenu mwenye miwani akaandika kabisa, halafu akauliza kama hizo ni herufi za kwanza za maneno mengine. Hapana, mjukuu wangu. Kiu. Ile ya koo.

Siku ile sikuwaeleza kwa sababu mlikuwa na haraka, na hadithi hii haisimuliwi mtu aliyesimama. Leo nimeketi, mvua inanyesha, na hakuna wa kunikatiza.

Kazi ya kupeleka masomo ya chuo kikuu vijijini niliifanya kwa miaka mingi kuliko nywele zilizonibaki kichwani. Nilianza miaka ya sitini ikielekea kwisha, Uhuru ukiwa bado mchanga, na sisi tuliosoma tukijiona tumekabidhiwa funguo za nchi. Nilikuwa nimetoka Kakamega na sanduku moja la mbao na suti moja. Nikapanga chumba Ngara, juu ya duka la vitambaa, na kila asubuhi nilishuka kwa miguu, nikavuka mto, nikapanda hadi ofisini kwetu katikati ya mji. Viatu nilivipangusa mara mbili, nikitoka nyumbani na nikifika. Mungu anisamehe, nilivipenda viatu vile kuliko nilivyopenda watu wengi.

Kila Jumanne na Ijumaa tulipakia Landrova tukaenda Waithaka. Msiangalie Waithaka ya leo na magorofa yake. Wakati huo ilikuwa shamba: mahindi, ng'ombe, na ule udongo mwekundu ambao ukinyeshewa haukuachi uende bila kukuvua kiatu. Mkuu wetu wa idara alikaa Kileleshwa, nyuma ya ua mrefu uliokatwa vizuri, na kutoka pale hadi Waithaka ulikuwa mwendo mfupi wa gari, lakini ungedhani umevuka mpaka wa nchi. Tulifundishia ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wetu walikuwa wauza makaa, wasusi wa vikapu, fundi baiskeli mmoja aliyelala kila somo na bado akayajibu maswali yote, na akina mama wa sokoni, wengi.

Hapa nitawaachia ujuzi kidogo, msije mkasema mzee amewapotezea wakati. Chaki iloweke kwenye maji ya sukari kisha uikaushe, haitafutika mkono wa mtu ukigusa ubao. Usimuulize mwanamke biashara yake inaendeleaje mama mkwe wake akiwa amekalia benchi lile lile. Utaambiwa uongo, na utakuwa umeutafuta mwenyewe. Na kiti chako kiwe kifupi kuliko cha mwanafunzi. Hilo la mwisho si langu. Nilifunzwa na Mzee Kioko.

Mzee Kioko alikuwa dereva wetu, Mkamba wa Machakos, mwembamba, koti la kaki mwaka mzima hata jua likichoma. Alikuwa amefika darasa la tatu. Tukifika mahali, sisi wenye digrii tulishuka na makaratasi, yeye akashuka na njaa. Atanunua ndizi kwa huyu, muhogo kwa yule, atakaa chini, atanyamaza. Baada ya saa moja alikuwa anajua nani mgonjwa, nani hasemezani na nani, na ni nani kati ya wanafunzi wangu ameacha kuja kwa sababu nilimcheka bila kujua.

"Mwalimu," aliniambia siku zangu za mwanzo, "hapa kwanza unanunua. Halafu unakaa. Halafu unanyamaza. Kufundisha ni ya mwisho, na saa ingine hata haihitajiki."

"Mzee, mimi siruhusiwi kupokea kitu kwa wanafunzi. Ni sheria ya idara."

"Nani amesema kupokea? Mimi nimesema kununua. Ama unaogopa tumbo?"

Niliogopa tumbo, naam. Nikaogopea na viatu. Sikununua kitu.

Basi, Njeri.

Njeri aliuza uji langoni mwa kichinjio kidogo cha ng'ombe, kabla ya kufika kanisani. Uji wa kuchacha, wa kunywewa kwa kibuyu, uliopikwa katika nyungu kubwa iliyopasuka mdomo. Mama yake alikuwa akiuza pale pale kabla yake, na alipofariki, mahali pale pakawa pa Njeri, bila karatasi wala sahihi ya mtu. Ndivyo desturi ilivyokuwa: mahali pa mtu langoni hapaguswi maadamu wateja wake wanamtambua. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sauti nzito kidogo, penseli ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, wa kwanza kufika darasani na wa kwanza kubisha.

Hakuwa na mtu mwingine ila dada yake mkubwa aliyeolewa Molo, na huyo dada alimwandikia barua kila mara aende wakalime viazi. "Mimi sitaki viazi," aliniambia siku moja tukikunja mabenchi. "Nikiwa na mahali pangu pale langoni, mimi ni mtu wa Waithaka. Nikipakosa, nitakuwa mgeni wa dada yangu mpaka nizeeke." Yashikeni maneno hayo.

Mimi nilifurahi kwamba hataki viazi. Nilifurahi kupita kiasi. Haya, nimpendaye nimtaje: nilimpenda Njeri. Jumanne na Ijumaa niliamka kabla ya jogoo, na Ngara sijui hata kama kulikuwa na jogoo.

Sasa, wateja wake walikuwa wachinjaji, na watu waliotembeza ng'ombe kwa miguu kutoka mbali. Mtu alipewa kibuyu kimejaa. Alipofika nusu hakusema "niongeze." Ingekuwa aibu kuomba. Alikishika tu magotini, akatazama mbele, akanyamaza. Njeri akimwona hivyo alichota upawa mmoja, akammiminia. Bure. Hiyo ndiyo iliitwa nyongeza, na kila mtu pale langoni aliijua tangu kuzaliwa, isipokuwa mwalimu.

Mwalimu aliyaona hayo kutoka ndani ya Landrova, kioo kimefungwa kwa sababu ya nzi, daftari magotini. Asubuhi moja nilikaa nikahesabu. Kila vibuyu kumi, Njeri anagawa uji wa vitatu! Weee! Nilifurahi kama mtu aliyechimba na kupata maji. Nikarudi ofisini, nikachora chati kubwa: nyungu, upawa, na mishale myekundu ya uji ukitoroka. Juu yake nikaandika, HASARA ISIYOONEKANA. Ijumaa nikaibandika ukutani mwa kanisa.

"Mwalimu," Njeri akasema, "hiyo nyungu si yangu?"

"Ni ya mtu yeyote. Ni mfano tu."

"Ni yangu. Umeipasua mdomo hapo hapo." Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anaisoma ile mishale. "Kwa hivyo niwache nyongeza?"

"Wacha."

"Na wakinuna?"

"Watanuna wiki moja, kisha watazoea. Mteja hufuata uji mzuri, na wako ni mzuri."

"Umejuaje? Wewe hujawahi kuunywa."

Darasa likavunjika mbavu, na mimi nikacheka nalo. Mzee Kioko alikuwa ameegemea mlango. Alinyanyua kofia yake akatoka nje.

Njeri aliacha nyongeza. Hakuacha kwa sababu chati ilimshawishi. Aliacha kwa sababu mimi nilisema, na alikuwa akiniamini. Hilo ndilo huniuma mpaka leo.

Wiki ya kwanza uji ulikaa mpaka adhuhuri, naye akaniletea habari hiyo anatabasamu. Wiki ya pili wateja wakaanza kunywa wamesimama, wanarudisha kibuyu, wanaenda. Wiki ya tatu wengine wakavuka kwa Mama Kibe, mama mmoja mzito, mcheshi, aliyeuza uji wake hatua chache kutoka pale, na ambaye uji wake, kusema kweli, ulikuwa na mabonge. Njeri akaniambia, "Mwalimu, siku hizi hawakai." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ndiyo vizuri, wanapisha wengine." Naona haya hata kuyaandika.

Wakati huo huo mwenye kichinjio alikuwa anajenga ua mpya wa mabati, na lango alitaka kulihamishia upande wa nyuma, malori yapate kuingia. Halikuwa jambo la siri. Wachinjaji walilijua mwezi mzima. Lakini hayo wangeyazungumzia wapi? Yalizungumzwa pale pale kibuyu kikiwa nusu, mtu ameketi anangoja upawa wake, hana haraka, mdomo uko wazi. Mama Kibe aliyasikia yote. Jioni moja akayabeba mafiga yake, akayapanga mahali lango jipya litakapokuwa. Asubuhi yake Njeri alikuja na nyungu kama siku zote, akawasha moto, akainua kichwa, na mbele yake hakukuwa na lango. Kulikuwa na mabati.

Sisi tulifika Jumanne, siku ya pili ya mkosi huo. Nyungu ilikuwa imejaa, moto umekufa. Alikuwa amekaa palepale, ameuelekea ule ukuta wa mabati.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Hawa watu wamekunywa kwetu tangu mama akiwa hai. Hata mmoja hakusema, Njeri, lango linahama."

Mzee Kioko alichutama kando yake. "Wangekuambia saa ngapi, mama? Mtu akimaliza kibuyu na haongezwi, si anaenda?" Kisha akanitazama mimi. Heri angenitukana.

Nikasema nitamwendea mwenye kichinjio, nimwombee Njeri nafasi kwenye lango jipya. Nilikuwa na suti, nilikuwa na karatasi yenye nembo ya chuo, angenisikiliza.

"Usiniombee," akasema. "Ukiniombea nitakuwa mtu wa chuo kikuu. Kule langoni mtu haendi mpaka wateja wamwite."

Mzee Kioko akaondoka taratibu, akajifanya anapima upepo wa magurudumu. Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Njeri, nilikosea."

"Najua."

"Nipe uji."

Alinitazama kwanza usoni, halafu viatuni. Akafukua makaa, akapulizia, akaupasha ule uji, akanijazia kibuyu. Nikakaa juu ya jiwe, viatu vyangu ndani ya tope, na ndipo kwa mara ya kwanza nikanywa uji niliokuwa nimeuchorea mishale. Ulikuwa mchachu, mzito, una moshi kidogo. Ulikuwa mtamu, wajukuu wangu. Nimekunywa vingi tangu siku hiyo na sijaonja kitu kama kile. Nilipofika nusu nikaacha. Nikakishika kibuyu magotini, nikatazama mabati, nikanyamaza.

Alikitazama kile kibuyu. "Nani amekufundisha hiyo?"

"Nilikuwa nawaona kwa dirisha."

"Wewe ulihesabu uji," akasema, polepole, bila hasira. "Nyongeza unampa mtu unayejua atarudi kesho. Wewe utarudi kesho?"

"Nitarudi."

"Sisemi Ijumaa na gari ya serikali. Nasema kesho."

"Nitarudi kesho, Njeri."

"Basi nyongeza yako iko kesho." Akafunika nyungu. "Dada ameandika tena, anataka jibu. Nikikuona umerudi, nitajua bado niko na mtu mmoja hapa. Aliye na mteja mmoja anaweza kuanza upya. Nisipokuona, nitajua pia."

Nilipanda Landrova nikiimba moyoni. Mzee Kioko aliendesha mpaka Kawangware kabla ya kusema, "Nimesikia. Kesho uende." Nikamwambia, "Mzee, hata mvua ya mawe haitanizuia."

Kesho yake niliingia ofisini kuomba ruhusa, nikamkuta mkuu wetu ananingoja ngazini. Wageni wamefika kutoka ng'ambo, watu wa kufadhili miradi. Wanataka kuona kazi ya mashambani. Na yeye anataka waione ile chati yangu nzuri.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nina shughuli. Badala yake nilivipangusa viatu, nikaitundika HASARA ISIYOONEKANA mbele ya watu waliokunywa chai kwa vikombe vyenye visahani, nikaeleza ile mishale. Walipiga makofi. Mama mmoja mzungu, mwenye nywele nyeupe, akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: na huyo mwanamke wa uji, sasa yuko vipi?

Nikasema, "Anaendelea vizuri sana."

Saa ile ile Njeri alikuwa amekaa mbele ya mabati, ananingoja. Alhamisi wageni wakataka nakala, mkuu akataka ripoti, nami nikaketi kuandika. Jioni basi la kwenda upande ule lilikuwepo. Miguu nilikuwa nayo. Nikajiambia kesho ni Ijumaa, tutaenda na gari, siku moja ni nini? Siku moja! Vijana, mkiwahi kujisikia mkisema maneno hayo, inukeni hapo hapo mwende.

Ijumaa tulipofika, penye mabati palikuwa na mafiga matatu na majivu. Nilizunguka ua mbio, tope likiruka mpaka kwenye tai, nikamkuta Mama Kibe kwenye lango jipya, wateja wamemzunguka.

"Ndiyo wewe mwalimu?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Alikungoja juzi, akakungoja jana mpaka jua likaingia. Mimi nilimwita aje hapa kando yangu, wallahi nilimwita, hata hawa wanaume walimwita. Akasema anangoja mtu mmoja kwanza. Leo asubuhi amepanda basi ya Molo."

Mama Kibe akainama nyuma ya nyungu yake, akatoa kibuyu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa nusu.

"Alisema ukija nikupe. Alisema hii ni nyongeza yako."

Nikauliza kwa nini aliniachia, wakati sikurudi. Mama Kibe akanishangaa, mtu mzima kuuliza hivyo. "Alisema utarudi, ila umechelewa. Kunywa."

Nikanywa nimesimama mbele ya wale wachinjaji wote. Uji ulikuwa umechacha mno, ukanitoa machozi, nami nikasingizia uchachu. Wale wanaume walikuwa na heshima, wakatazama ng'ombe. Mzee Kioko alinishika kiwiko akanirudisha garini, na siku hiyo hatukufundisha.

Molo nilienda mara moja, likizo ilipofika. Jina la mume wa dada yake sikulijua. Nikasimama katikati ya soko la viazi nikiuliza Njeri, na mama mmoja akaniambia, "Tuko hapa kumi na moja, unataka yupi?" Wakacheka, na mimi nikacheka, nikapanda basi nikarudi.

Baadaye nilioa, mke mwema kutoka Vihiga, Mungu amlaze pema. Hadithi hii aliijua yote. Nikimuudhi, alikuwa akinipa uji nusu kikombe na kuketi mbele yangu kimya, kunitazama nitafanya nini. Nimemkosa huyo pia. Chati niliigeuza, nikaandika upande wa pili maneno ya Mzee Kioko: nunua, kaa, nyamaza. Niliibandika kila darasa mpaka nilipostaafu, na walionifuata wakadhani ni mbinu mpya kutoka ng'ambo.

Mwaka jana nilipelekwa Waithaka kwenye harusi. Nikaomba gari lipitie kule. Kichinjio hakipo, mabati hayapo, pana gorofa la kupangisha na nguo zimeanikwa kwenye roshani. Nikashuka hata hivyo, nikasimama na mkongojo wangu mahali nilipodhani palikuwa na yale mafiga, mpaka dereva akapiga honi.

Kwa hiyo nendeni na kiu, wajukuu wangu. Na mkiambiwa kesho, iwe kesho. Nyongeza hupewa mtu atakayerudi. Mimi nilipewa yangu, nikainywa yote, na sina tena pa kurudi.